Shaba ya Mlango wa Mbele

Delvene aliinunua nyumba ya meneja wa kiwanda cha sukari mwezi wa pili, na hakuomba ushauri wa mtu. Alikuwa na miaka hamsini na nane, stashahada ya uendeshaji wa ofisi, na watoto watatu aliowasukuma mpaka kila mmoja akasimama kwa miguu yake. Siku ya mnada aliinua mkono mara nne. Mara ya nne hakuna aliyemfuata, nyundo ikagonga, basi.

Mdogo wake Clifton, dereva wa treni ya kubebea miwa, alipopata habari alikuja mbio na nguo za kazi, hata uso hajanawa.

"Dada Del, umenunua ile nyumba? Ile ile?"

"Kwani mji huu una nyumba ngapi za meneja?"

"Mama anajua?"

"Atajua Jumapili. Na wewe utafunga mdomo mpaka hapo."

Clifton hakufunga. Jumapili Delvene alipofika kwa mama yao, alimkuta Iris amekaa mezani, mikono kifuani, birika limejaa na vikombe vitupu. Iris kukaa na chai asiimimine, hapo kuna neno.

"Nimesikia umejinunulia makumbusho," alisema.

"Nimenunua nyumba, Mama. Ina vyumba vinne vya kulala na veranda pande tatu."

"Najua ina vyumba vingapi. Nimevifagia."

Alivifagia kweli. Iris aliingia kazini katika nyumba ile akiwa na miaka kumi na minne, mjukuu wa mtu aliyeletwa na meli kutoka visiwa vya mbali kuja kukata miwa ya wengine, akatoka akiwa na miaka ishirini na mitatu, siku mbili kabla ya harusi yake. Katika miaka hiyo tisa hakuwahi kukaa kwenye kiti cha veranda wala kuingia kwa mlango wa mbele. Watumishi walizunguka nyuma. Juu ya familia ile alikuwa na maneno machache, yote makali. Kitu kimoja tu cha nyumba ile alikitaja kwa sauti tofauti, nacho ni shaba. Milango kumi ya ndani na nje, vitasa ishirini vya mviringo, vile vya kuzungusha kwa kiganja, vyote vya shaba. Kila Ijumaa alivisugua mpaka ukajiona pua. "Sijaona mtu mjini hapa aliyeng'arisha shaba kama mimi," alikuwa akisema, na hakuna aliyethubutu kumbishia.

"Siku yako ya kuzaliwa tutakula kule," Delvene alisema. "Ukoo mzima. Utaingia kwa mlango wa mbele."

"Sitaingia kwa mlango wowote. Niliondoka kule kwa miguu yangu mwenyewe, na miguu hiyo haijanituma nirudi."

"Nyumba ni yangu sasa."

"Hongera. Nitakutumia kadi."

Mazungumzo yakaishia hapo. Siku ya kuzaliwa, ya kutimiza themanini na saba, ilikuwa Jumamosi ya wiki ya tatu kutoka siku ile. Delvene alirudi nyumbani amekaza meno. Mama yake alikuwa na kichwa kigumu, lakini kichwa hicho alikuwa amemrithisha yeye, na kwa hiyo alijua kinavyofanya kazi. Kukibembeleza ni kupoteza muda. Lazima ukipe kitu cha kufanya, au kitu cha kuona.

Kitu cha kuona kilikuwa chini ya rangi.

Baada ya familia ya meneja kuhama, nyumba ilipita mikononi mwa watu wengi, na kila aliyeingia aliingia na brashi. Hawakufungua kitasa hata kimoja. Walipaka milango, wakapaka na vitasa, na bawaba, na makomeo, na matundu ya funguo. Delvene alikwangua kimoja kwa ukucha, akahesabu: nyeupe, maziwa, kijani cha hospitali, waridi, nyeupe tena, bluu, na chini kabisa hudhurungi nzito kama gundi. Vitasa vilikuwa kama madonge ya ugali yaliyobandikwa mlangoni.

Fundi aliyekuja kutazama paa alivitupia jicho akacheka. "Ng'oa, tupa, nunua vipya. Saa mbili umemaliza."

"Umekuja kwa ajili ya paa," Delvene alimwambia. "Paa liko juu."

Jumamosi ya kwanza alianza. Nyumba, kama nyumba zote za zamani za huko, ilisimama juu ya nguzo, na chini yake mlikuwa na kivuli na upepo wa kutosha mtu kufanya kazi chafu. Alipanga meza. Alinunua chungu cha umeme cha kupikia polepole katika duka la mitumba, akakiandika ubavuni na juu ya kifuniko kwa herufi kubwa: RANGI. USIPIKE CHAKULA. Rangi ya zamani ina risasi, na risasi ni sumu. Chungu kikishaingia rangi hakirudi tena jikoni mpaka mwisho wa dunia. Kwa sababu hiyo hiyo alivaa glavu, na hakugusa msasa. Clifton alipotokea na tochi ya gesi ya kuunguzia rangi alirudishwa nayo kwenye gari kabla hajafika mezani.

"Moto unatoa rangi dakika mbili, dada."

"Na moshi wake unatoa akili. Wewe huna ya kupoteza."

Kuvitoa mlangoni ndiko kulikuwa kugumu. Kwanza alipitisha wembe kuzunguka kibao cha shaba kilicho nyuma ya kitasa, ili rangi ikatike isibanduke na mbao. Halafu akachimba rangi kwenye mfuo wa kila skrubu kwa ncha ya kisu kibovu, akagonga bisibisi kwa nyundo ndogo mpaka skrubu ikatoa mlio na kukubali. Skrubu za kila mlango alizitia kwenye mfuko wake, akaandika mfuko. Na kwa kuwa yeye ni mtu wa ofisi, asiyeweza kuacha kitu bila namba, alichukua kalamu nene nyeusi akaandika juu ya kila kitasa na kila kibao: 1 nje, 1 ndani, 2 nje, 2 ndani, mpaka kumi. Akapiga na picha. Alisimama akatazama safu ile ya madonge meupe yenye namba, akaridhika sana.

Kisha akavipika. Maji, vijiko vinne vya magadi ya kupikia, moto mdogo, kifuniko juu. Vinne vinne, kutoka asubuhi mpaka jioni, siku baada ya siku. Jioni aliviopoa kwa koleo, na rangi ilitoka vipande vizima, miaka sitini ikivuliwa kama ganda la yai. Iliyobaki kwenye kingo aliisugua kwa mswaki mgumu, si kwa brashi ya waya, maana waya hukwaruza shaba. Alivikausha papo hapo na kutia tone la mafuta kwenye vijiti vya chuma vinavyoviunganisha na komeo, visipate kutu. Maganda yote aliyakusanya kwenye ndoo yenye kifuniko.

Cha kwanza kilipotoka na weusi wake, akakifuta, ukaonekana unjano. Akafuta tena. Akajiona pua.

Alicheka peke yake chini ya nyumba.

Alhamisi ya wiki iliyofuata vyote ishirini vilikuwa juu ya taulo, na Clifton alikuja kusaidia kuvirudisha. Alitembea kando ya meza, mikono mgongoni, kama mkaguzi.

"Vizuri. Vizuri kweli, dada, sikutanii. Hiki cha wapi?"

"Soma namba."

"Namba gani?"

Delvene alikiinua. Akakigeuza. Akainua kingine. Kilikuwa kisafi, kinang'aa, hakina hata nukta.

Namba alikuwa ameziandika juu ya rangi.

Clifton alifahamu kabla yake. Alishika nguzo ya nyumba kwa mikono miwili, akainama, na kicheko kikamtoka kama filimbi ya treni yake. "Umeziandika... juu ya... halafu ukazichemsha! Stashahada! Mama alikulipia ada!"

"Clifton."

"Miaka thelathini ofisini!"

"Clifton, nitakupiga na bisibisi."

Alifungua picha kwenye simu. Zilionyesha madonge meupe ishirini yaliyofanana. Skrubu tu ndizo zilizojua kwao.

Na vitasa hivyo havikubali kukaa popote. Mafundi wa zamani walitoboa kila kijiti kwa mkono, kwa kipimo cha mlango wake, na miaka imekila kila kimoja kwa namna yake. Ukikosea, tundu halikutani na skrubu, kibao hakizibi alama ya kile cha kwanza kwenye mbao, ulimi wa komeo unatoka haurudi. Walijaribu siku tatu. Milango miwili ilikubali, mmoja kwa matusi. Mingine minane ilibaki na matundu. Mlango wa mbele ulifungwa kwa kipande cha kamba.

Zilibaki siku sita.

"Yuko mtu mmoja anayevijua," Clifton alisema.

"Usiseme."

"Sijamtaja."

"Umemtaja kwa macho."

Siku tatu zaidi Delvene alihangaika peke yake, kwa kiburi tu, akapata mlango mmoja wa tatu. Alhamisi asubuhi alivirudisha mezani, akavifunga vitasa vyote kwenye taulo, akavitia katika kikapu cha kufulia, akaenda kwa mama yake.

Macho ya Iris siku hizo yalikuwa yamebakiza mwanga na vivuli. Alitambua watu kwa hatua zao. "Umebeba kitu kizito," alisema kabla Delvene hajafika mezani.

Delvene hakuwa mtu wa kuzunguka. "Nimekosea, Mama. Nimetoa rangi kwenye vitasa vya nyumba ile, nikaandika namba juu ya rangi, nikaichemsha rangi. Sasa sijui kipi ni cha wapi."

Bega la Iris likaanza kutikisika.

"Cheka tu. Clifton amemaliza siku tatu."

"Juu ya rangi!" Iris alipangusa macho. "Haya. Weka hapa. Moja moja, usinirundikie."

Delvene aliweka kimoja mbele yake. Vidole vya mama yake vilikuwa vimepinda kwenye viungo, lakini vilipogusa shaba vilinyooka. Vilizunguka mara moja, vikasimama.

"Stoo ya chakula, upande wa nje. Hapa kuna kibonyeo, umekisikia? Mtoto wao alikipiga na mpira wa kriketi, nikasingiziwa mimi. Lete kingine."

Delvene alitoa karatasi na kalamu. Safari hii aliandika kwenye lebo na kuifunga kwa uzi.

"Hiki cha ofisi ya bwana, ndani. Pete yake ilikuwa inakwaruza hapa kila akitoka. Nilimlaani kila Ijumaa, mikwaruzo haitoki. Hiki... hiki kimelika upande mmoja. Bafuni. Bi Ludgrove, mke wa bwana, alikivuta badala ya kukizungusha. Mwanamke mzima hajui kufungua mlango."

Vikaenda. Chumba cha wageni. Chumba cha kulia, nje na ndani. Mara mbili tu alisita, akakirudisha, akakipima dhidi ya mwenzake, akakata shauri. Delvene aliandika. Alikuwa amemwona mama yake akipika, akizika, akigombana na wakubwa wa kiwanda mpaka baba yao akalipwa haki yake. Hakuwahi kumwona namna hii, kichwa kimeinuliwa, mtu kwenye kazi anayoijua kuliko mtu yeyote aliye hai.

Kikabaki kimoja. Kikubwa kuliko vingine, chenye duara la shanga ndogo ukingoni. Iris alikishika, na vidole havikuzunguka.

"Mlango wa mbele," alisema. "Nje."

"Ndiyo."

"Hiki sijakizungusha hata siku moja." Alikiweka kwenye kiganja, akafunga kiganja. "Miaka tisa. Kitambaa mkononi, kitambaa juu ya shaba, usiache kidole. Bi Ludgrove akiona alama ya kidole, unaanza upya vyote ishirini. Nikimaliza hiki, nachukua kopo langu, nashuka ngazi, nazunguka nyumba mpaka jikoni. Mvua ikinyesha, na mvua."

Delvene aliiweka kalamu chini.

Iris alipitisha ukucha katikati ya shanga. Uso wake ukabadilika.

"Nini hii?"

"Nini?"

"Humu. Kwenye mifuo. Uchafu umebaki. Umesafisha na nini, na ulimi?"

"Na mswaki."

"Mswaki!" Alikisukuma mezani. "Umeniletea shaba yangu na tope kwenye mifuo, halafu Jumamosi watu waione? Watasema Iris alikuwa anafuta hivi?"

"Hawatajua, Mama."

"Mimi nitajua. Kesho ni siku gani?"

"Ijumaa."

"Basi. Saa tatu uwe hapa. Lete fulana ya zamani ya pamba, iliyofuliwa mpaka imelainika, si vile vitambaa vya dukani. Na kijiti cha mwanzi nikichonge. Chumvi, siki na unga ninavyo."

"Ulisema huendi kule."

"Nilisema siendi kula keki. Sikusema nitakuacha ufunge kitasa cha stoo kwenye chumba cha wageni."

Kesho yake, saa tatu kasoro robo, Iris alikuwa amesimama nje, kofia kichwani, mkoba mkononi, akilalamika kwamba Delvene amechelewa.

Gari liliposimama mbele ya nyumba, Iris alishuka, akatulia. Upepo ulileta harufu ya kiwanda, ile ya sukari inayokaribia kuungua. Miguu yake ikaanza yenyewe kwenda kulia, kuelekea njia ya nyuma. Hatua mbili. Delvene aliona, lakini hakumshika mkono. Mama yake hakuwa mtu wa kuvutwa.

Iris alisimama. "Pumbavu," aliiambia miguu yake, na akaigeuza.

Alipanda ngazi za mbele akishika kishikio cha ngazi, moja, moja. Juu, Delvene alimvutia kiti cha veranda, akakaa. Akafanya kazi saa nzima kwenye kitasa kile kikubwa, kijiti cha mwanzi kwenye kila mfuo, uji wa siki na chumvi, kisha fulana, kisha upande mkavu wa fulana. Delvene alipojaribu kusaidia alipigwa kofi la mkono.

"Haya," alisema mwishoni. "Tazama sasa."

Delvene alitazama. Alikuwa amejivunia kazi yake wiki mbili nzima. Akaona kwamba alikuwa hajui kung'arisha.

Alikifunga mlangoni, kijiti kikaingia bila kusukumwa, skrubu zikakutana na matundu yake kama zilitoka jana. Akaingia ndani akafunga kile cha upande wa pili. Kisha akafanya jambo alilokuwa amelifikiria usiku na mchana tangu mnadani: akausukuma mlango ukafungika, yeye ndani, mama yake nje.

Alisubiri. Alisikia kiti kikilia. Hatua. Halafu hakusikia kitu kwa muda mrefu, mpaka akaanza kujuta.

"Delvene!"

"Naam, Mama."

"Umefunga kwa ufunguo?"

"Hapana."

"Basi usijibu kama bawabu. Kaa kando, usije ukagongwa."

Kitasa kilizunguka. Ulimi wa komeo ukarudi kwa mlio mdogo, laini, na mlango ukafunguka. Iris alisimama kizingitini, mgongo wima kadiri mgongo wa miaka themanini na saba kasoro siku moja unavyoweza, mkono bado umeshika shaba, bila kitambaa. Akaingia.

Alipoachia, alama zilibaki. Vidole vinne na kiganja, wazi kabisa. Delvene aliinua fulana bila kufikiri.

"Gusa uone," mama yake alisema.

Akaishusha.

Vitasa kumi na vinane vilivyobaki walivimaliza kabla ya chakula cha jioni, Iris akielekeza, Delvene akifunga, na Clifton aliyekuja baada ya zamu akitumwa kama mtoto. Kila mlango ulikubali. Kimoja kilipogoma, Iris alisema wamekigeuza juu chini, na kweli walikuwa wamekigeuza.

Jumamosi walikuja watu zaidi ya arobaini, na masufuria ya kari, na magimbi yaliyopikwa kwa nazi, na keki tatu. Iris alikaa veranda karibu na mlango, na sheria yake ilikuwa moja: mlango ufungwe kila mara. Anayetaka kuingia, azungushe mwenyewe. Wajukuu, vitukuu, shemeji zake waliokatia familia ile miwa, mwanamke aliyefua mashuka yao, wote walipita mmoja mmoja, na yeye alisikiliza komeo likilia kila mara.

"Shangazi, si tuuache wazi tu?" mpwa wake aliuliza, mikono imejaa sahani. "Joto hili!"

"Weka sahani chini. Fungua mlango. Chukua sahani."

Jioni wageni walipopungua, alimwita Delvene amsimamishe. Akapapasa mpaka akakipata kitasa, akapitisha kidole gumba polepole. Shaba ilikuwa na ukungu wa mafuta ya kari, sukari ya keki, na viganja vya watu arobaini.

"Kichafu," alisema. Akapapasa tena, na tabasamu lilikuwa limemjaa uso mzima. "Kichafu kabisa."

"Nikifute?"

"Ijumaa," Iris alisema. "Na nitakuja mwenyewe, maana wewe hujui."